Tulivyokwenda Kumpima Koech

Tangu nirudi, kila siku ya soko hapa Siongiroi mnanizunguka mkiniuliza yale yale, na kila nikianza kueleza anatokea mteja wa mbuzi, hadithi inakatika katikati. Basi nimeamua kuandika. Msomeane wenyewe. Na yule aliyekuwa akisema nimerukwa na akili kuwabeba watoto wadogo mpaka Nairobi wakati wa mvua ile ya El Nino, yeye ndiye asome kwa sauti.

Kwa wasiowajua wahusika wa habari hii: Joel ni mdogo wangu, analima majani chai upande wa Konoin. Mke wake ni Rael. Wana watoto watatu. Mkubwa ni Kipkoech, tunamwita Koech, yuko darasa la nne. Anayemfuata ni Chelangat, msichana wa darasa la kwanza. Kitinda mimba ni Kibet, ambaye hajaanza shule lakini ana maoni juu ya kila kitu. Mimi ni dada wa baba yao, kwa hiyo wananiita Senge, kama Kipsigis wote wanavyowaita shangazi zao.

Koech alikuwa amelazwa Nairobi kwa ugonjwa wa figo, na Rael alikuwa huko akimuuguza. Kisha Rael akanitumia neno kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akirudi huku kwetu: "Mwambie Senge aniletee wale wadogo. Koech anawauliza kila siku. Na nimesikia huko nyumbani hawako sawa." Joel hakutaka. Lakini neno hilo lilitumwa kwangu, halikutumwa kwa Joel.

Lori la ng'ombe

Barabara ya Narok ilikuwa imekatwa na maji, kwa hiyo njia ilikuwa moja tu, kuzungukia Kericho. Kwanza nilipaswa kuwachukua watoto Konoin, na siku hiyo hapakuwa na gari la kutoka Siongiroi isipokuwa lori la wachuuzi wa ng'ombe. Nikapanda mbele na dereva, kuku wangu wawili wa zawadi wakiwa miguuni.

Karibu na Sigor tukakuta mto umefunika daraja. Tukakaa. Wenye ng'ombe walishuka, wakakoka moto kando ya barabara, wakachoma mahindi. Mzee mmoja aliniuliza nampelekea nani ng'ombe wangu.

"Sina ng'ombe. Naenda kuchukua watoto, niwapeleke kwa mgonjwa."

"Mgonjwa ni nani?"

"Ni ndugu yao. Mtoto kama wao."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa ndama mbovu. "Wewe mama, watoto hawapelekwi mahali kama hapo. Watamwona vibaya, halafu wataota usiku. Si uwaache wachunge mbuzi?"

Nilimwambia kuhusu mbuzi asinifundishe. Mbuzi akiondolewa mwenzake zizini bila kuona, hulia siku nzima akimtafuta. Akimwona amefungwa pale nje, hutulia na kula. Mzee akasema watoto si mbuzi. Nikasema kweli, watoto wana akili zaidi, ndiyo maana wao hulia ndani kwa ndani. Hatukupatana, lakini alinipa hindi lililoiva vizuri kuliko yote, na maji yalipopungua tukavuka, ng'ombe wakilalamika kuliko abiria. Kutoka Bomet nilipanda pikapu ya maziwa iliyoniteremsha karibu na kwa Joel.

Kwenye kituo cha majani

Sikumkuta nyumbani. Alikuwa kwenye kituo cha majani, kwenye foleni na wakulima wengine wakingoja kupimiwa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na magunia yote yalikuwa yakichuruzika. Karani alikuwa akiinua kila gunia, analitikisa, analining'iniza kwenye mzani, kisha anasema neno lake la siku zote, "Haya ni maji, si majani," na kupunguza kilo. Wakulima walinung'unika, lakini hata wao walijua majani ya mvua yanadanganya mzani.

Kituo hicho kina mchezo wake. Kazi ikiisha, karani huwatia watoto ndani ya gunia tupu mmoja mmoja, na kuwaning'iniza, akiwasomea kilo zao. Miezi michache kabla, bingwa wa mchezo huo alikuwa Koech. Alikuwa akiongezeka kila wiki. Mashavu yalijaa, tumbo likatokeza, na watu walimpigia makofi wakimwambia Joel kwamba kwake kuna chakula. Mimi nilipokuja kuwatembelea nikamtazama kwa jicho la sokoni. Mbuzi anayenenepa ghafla hajanenepa. Nilimbonyeza mguu kwa kidole, na shimo likabaki pale pale. Hapo ndipo makofi yalipoisha na safari za hospitali zikaanza, kwanza karibu, halafu mbali.

Sasa nikamwona Kibet ndani ya gunia, miguu ikining'inia.

"Karani, imefika?"

"Imefika wapi, kijana?"

"Ile ya Koech."

"Bado sana."

Wengine walicheka. Kibet hakucheka. Alishuka akiwa amenuna, akaenda kusimama karibu na mama mmoja aliyekuwa akimuuliza Joel habari za mgonjwa. Yule mama alipomwona mtoto alimeza maneno, akaanza kusifu mvua. Chelangat alipokaribia, Joel naye akanyamaza. Niliona kwamba popote watoto hawa walipotia mguu, mazungumzo yalikufa.

Nyumbani tulikula ugali na mboga na maziwa. Kibet alikula sahani yake, akaomba ya pili, akala mpaka akatoka nje kutapika, akarudi akaomba tena. Chelangat alimega tonge moja, akalizungusha mkononi, na chakula kilichobaki akakisukuma pole pole kwa mbwa chini ya meza. Nilimtazama kwa macho yangu ya kazi. Alikuwa amepungua sana.

"Mmoja ana minyoo, mwingine anadeka," Joel alisema.

"Umewaambia nini kuhusu kaka yao?"

"Nimewaambia ameenda kukaa na mama yake kidogo. Mtoto haambiwi ugonjwa, dada. Ukiutaja taja unauita."

"Haukutajwa na mtu, na ulikuja wenyewe."

Tulibishana sana. Joel ni mtu mpole, na upole wake ulikuwa hofu tu. Mwisho nilimkumbusha kwamba kwetu neno la senge halirudishwi hivi hivi, na kwamba nitawachukua awe amefurahi au amenuna. Akaenda kuwatafutia sweta.

Juu ya majani

Mvua ilikuwa imewafukuza wenye magari ya abiria, kwa hiyo asubuhi tulipanda lori la majani lililokuwa likielekea kiwandani, upande wa Litein. Dereva alimjua Joel, akatukalisha nyuma na wapakiaji katikati ya magunia yaliyoning'inizwa. Kwenye mteremko wa kwanza lori lilizama kwenye matope mpaka ekseli.

Hapo ndipo nilipojua majani yana haraka kuliko mgonjwa. Wapakiaji walichimba, wakakata matawi, wakasukuma, na kila baada ya muda mmoja wao alikuwa akitia mkono ndani ya gunia na kusema yameanza kupata joto. Dereva alikuwa karibu kutoa machozi. "Yakilala hivi yanaharibika, na kiwanda kitanirudishia." Walifungua magunia, wakayapepeta majani kwa mikono. Nami nikapepeta. Mimi niliyetoroka kuchuna chai nikaenda kuuza mbuzi, nilirudi kwenye majani kwa nguvu za matope.

Kibet alikuwa na shughuli yake. Aliwazungukia wapakiaji wote, na kila aliyetoa chakula chake mfukoni alimkuta amesimama mbele yake. Alikula viazi vitamu vya huyu na ndizi za yule, akijilazimisha, shingo imenyooka. Mama mmoja Mkisii aliyekuwa akipita na kikapu cha ndizi alinitazama kwa dharau, akaniuliza kama mimi huwa nawapikia watoto wangu.

Chelangat alikaa chini ya gunia lililoning'inia akiwa amekinga kiganja, matone ya mvua yakimdondokea mkononi. Kiganja kikijaa anamwaga na kukinga tena. Nilimwita akale, akasema hana njaa. Alikuwa akitazama gunia lile kwa makini sana, nami nikafikiri anacheza tu.

Tulivutwa na trekta la jirani mchana ukiwa umeanza kupinda. Kutoka kiwandani tulipata gari hadi Kericho, tukiwa na matope mpaka magotini na kuku wangu akiwa amebaki mmoja. Yule mwingine aliruka kwenye matope yale na kuingia shambani, na ninamtakia maisha mema.

Kericho: kuku wa Mama Ayub

Kericho tulifikia kwa Mama Ayub, rafiki yangu Mluhya niliyechuna naye chai zamani kwenye shamba kubwa. Bado anaishi kwenye nyumba za wafanyakazi. Alitupokea kwa maji ya moto na maneno mengi, akamchinja yule kuku, na kabla ya giza kuingia tulikuwa tumekaa kwenye vigoda, ugali ukifuka mvuke katikati.

Kibet alianza mbio zake. Mama Ayub alimwangalia kwanza kwa furaha ya mpishi, halafu furaha ikapungua.

"Wewe kijana, mbona unakula kama mtu anakimbizwa?"

"Nataka kilo."

"Kilo ya nini?"

Kibet alimeza kwanza. "Koech alifika kilo. Watu walipiga makofi, halafu akapelekwa Nairobi kwa mama. Na mimi nikifika nitakaa kwa mama."

"Lakini si ndiyo unaenda kwa mama sasa?"

"Senge atanirudisha. Mimi sijafika. Koech alifika, ndiyo maana hajarudi."

Na hapo Chelangat, ambaye hakuwa amesema neno tangu Litein, akasema akitazama sakafu, "Mimi ndiyo maana sili. Mimi sitaki kufika. Watu wakishafika, wanachukuliwa na hawarudi."

Niliweka tonge chini. Ndugu zangu, nimeuza mbuzi miaka mingi na sijawahi kudanganywa na mzani kama tulivyodanganywa sisi wakubwa na ukimya wetu wenyewe. Watoto wawili wa nyumba moja, mmoja anajishindilia chakula apate kupelekwa, mwingine anajinyima asipelekwe, na sisi tunasema minyoo na deko. Nililia mbele yao, na sikujificha. Mama Ayub alichukua sufuria ya chai akaanza kuichuja ili mikono yake iwe na kazi.

Lile chujio ndilo lililonisaidia. "Mnaona hili? Linazuia majani, chai inapita. Ndani ya mwili tuna machujio mawili. Yanaitwa figo. Ni zile ndogo mnazopigania tukichinja mbuzi."

Kibet alishtuka. "Nani alikula za Koech?"

Hapo hata mimi nilicheka na machozi yangu. "Hakuna aliyekula. Anazo, ila zimeharibika, zinavuja. Kitu kizuri cha damu kinatoka na mkojo, na maji ambayo yangetoka yanabaki mwilini. Ndiyo maana alivimba. Hakunenepa. Na hakupelekwa kwa sababu ya kilo. Alipelekwa kwa sababu ni mgonjwa."

"Si mayai?" Chelangat aliuliza. "Alikuwa anapewa mayai peke yake."

"Si mayai. Alipewa kwa sababu daktari alisema."

"Na si kwa sababu nilimruka tumbo tukicheza?"

"Si hiyo. Hata kidogo. Hakuna mchezo unaoharibu figo hivyo."

Alivuta pumzi. Kisha akaniuliza lile ambalo Joel alikuwa akilikimbia. "Atakufa?"

Mama Ayub aliinamisha macho kwenye sufuria. Mimi nikasema, "Sijui, mtoto wangu. Madaktari wanamtibu, na mama anasema dawa inamsaidia. Nikijua kitu chochote, nitakuambia wewe kabla ya majirani."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu mzima aliyepewa habari ya kweli. Hakula usiku ule. Lakini alilala bila kujikunyata, na mimi nilijisikia fahari juu yake kabla hata hajafanya lolote.

Viazi vya Mau

Basi la kwenda Nairobi lilitusafirisha vizuri mpaka juu kwenye milima ya Mau, karibu na Mau Summit, ambako lori lilikuwa limelala katikati ya barabara kama ng'ombe aliyegoma. Baridi ilikuwa kali na ukungu umeshuka. Akina mama wa Kikuyu walikuja na ndoo za viazi vya kuchemsha, moshi ukipanda, chumvi na pilipili kwenye karatasi.

Nyuma yangu alikaa mhubiri mmoja mwenye tai. Alikuwa amemsikia Chelangat akiniuliza kama sindano za Koech zinauma na mimi nikijibu kwamba zinauma.

"Dada," aliniambia kwa upole, "mtoto mdogo habebeshwi mzigo kama huo. Mwambie tu kaka yake yuko salama mikononi mwa Bwana."

"Hata mimi naomba, mchungaji. Lakini nikimwambia yuko salama, halafu afike amkute na sindano mkononi, ataniamini tena lini?"

"Mtoto anahitaji imani."

"Imani haikatazi mtu kuambiwa figo ni nini."

Basi zima likaingia kwenye ubishi. Kondakta alikuwa upande wangu, mzee wa kiti cha mbele upande wa mhubiri, na mtu mmoja aliyekuwa amelala aliamka akauliza kama tunagombania nauli. Ndipo mama mmoja kijana aliyekuwa akinyonyesha akasema, bila kupaza sauti, "Mimi dada yangu alikufa nikiwa kama huyu msichana. Waliniambia amesafiri. Nilimtafuta chini ya kitanda mpaka nikafika darasa la tatu. Mpaka leo nikiingia nyumba mpya, naangalia chini ya kitanda."

Mhubiri alifungua dirisha, akanunua viazi, akatugawia mimi na watoto na yule mama. Simsemi vibaya. Alikuwa amesikia.

Chelangat alishika kiazi chake kwa mikono miwili akipasha vidole moto. Akakichovya kwenye chumvi na kukila chote. Akachukua cha pili. Mimi nilikaza macho nje kwenye ukungu kana kwamba nina kondoo wangu huko, maana nilijua nikigeuka nitaharibu. Kibet alimaliza nusu ya kiazi, akanirudishia nusu nyingine mkononi.

"Nimeshiba," alisema. Sikuwa nimelisikia neno hilo kutoka kwake tangu nifike.

Kwenye veranda

Hospitali yenyewe nitaiacha bila jina. Askari wa mlangoni alituambia watoto wadogo hawaruhusiwi wodini, na nilikuwa nimeshafungua mdomo kupigana naye wakati Rael alipotokea akikimbia, leso ikiburutika nyuma. Aliwashika wote wawili kwa pamoja. Sista wa zamu alitazama yote hayo, akasema kwa utaratibu, "Ndani hawaingii. Lakini mgonjwa wangu anaweza kutoka nje kuota jua."

Jua halikuwapo, lakini alitoka. Alikuja kwenye veranda akishika ukuta, amevaa nguo za hospitali zilizoweza kumeza wawili kama yeye. Mashavu yalikuwa yameisha, tumbo limerudi, shingo nyembamba. Dawa ilikuwa imemtoa maji yote, na chini ya maji hayo kulikuwa na mtoto mdogo sana. Hata mimi niliyeambiwa nilishtuka.

Alitabasamu. "Kibet."

Kibet alirudi nyuma, akaingia kwenye sketi yangu. "Huyu si Koech. Koech ni mnene. Senge, wamebadilisha."

Tabasamu la Koech lilianguka. Rael akageuza uso ukutani. Mimi, ambaye mnasema sikosi la kusema, nililikosa.

Chelangat hakulikosa. Alikwenda mpaka kwa kaka yake, akamzunguka pole pole akimkagua, mikono nyuma, kabisa kama karani wa kituo. Akachutama, akambonyeza mguu kwa kidole, akangoja. Shimo halikubaki. Akasimama.

"Kibet, kuja uone. Si unajua karani akisema haya ni maji, si majani?"

"Najua."

"Koech alikuwa na maji. Ile kilo watu walipigia makofi, yote ilikuwa maji, kama gunia ya mvua. Sasa dawa imetoa. Hii imebaki ni majani peke yake. Hii ndiyo kilo yake ya ukweli."

Kibet alichungulia. "Na majani ni kidogo hivi?"

Koech alipangusa uso kwa mkono wa ile nguo kubwa. "Ni kidogo lakini ni mazuri," alisema. "Ni majani mawili na chipukizi."

Hiyo ndiyo sifa ambayo kila mkulima wa Konoin hungoja kuisikia kutoka kwa karani, na Kibet aliijua. Alitoka kwenye sketi yangu hatua moja.

"Kama huamini, nipime," Koech akamwambia.

Kibet alikwenda. Akamzungushia kaka yake mikono kiunoni, akakaza meno, akamwinua. Sijui kama miguu ilitoka sakafuni kweli au Koech alisimama kwa ncha za vidole ili kumsaidia. Walikaa hivyo wakitetemeka wote wawili.

"Karani anasemaje?" Koech aliuliza.

"Imefika," Kibet akasema, na hakumwachilia.

Sista alikwenda kutazama maua ambayo hayakuwapo. Rael alikuwa analia na kucheka. Nami nawaambia wazi: nimewahi kuuza dume lililosifiwa soko zima, na fahari ile ilikuwa takataka mbele ya hii.

Tulikaa kwenye ile veranda kila siku tuliyokuwa Nairobi. Chakula cha Koech hakikuwa na chumvi. Kibet alikionja akauliza ni nani aliyemkosea mpishi. Chelangat aliuliza kwa nini, akajibiwa kwamba chumvi huzuia maji mwilini, akaniambia kwamba Koech akirudi tutakuwa tunamtolea sahani yake kwanza, halafu ndipo tutie chumvi kwenye sufuria, ili asikae na chakula cha peke yake kama adhabu. Daktari alikuja akaongea nao pia. Hakuwaficha. Alisema dawa ni za muda mrefu, na uvimbe unaweza kurudi, hata mara nyingi. Akawapa kazi ya kumtazama Koech usoni kila asubuhi, na wakiona macho yamevimba, waseme mara moja. Waliipokea kazi hiyo kama watu walioajiriwa.

Koech hakurudi nasi. Bado yuko huko, anaendelea vizuri, na sitawaambia zaidi ya ninalolijua. Kwenye kuagana watoto walilia, wote watatu, kilio cha kawaida cha watu wanaopendana.

Tena kwenye kituo

Njia ya kurudi ilikuwa ileile, ila matope yalikuwa yameongezeka na Mama Ayub alipika maharage. Tulimkuta Joel kwenye foleni ya majani. Aliwakumbatia, akanitazama juu ya vichwa vyao akitaka kujua habari, na karani naye akainama akaninong'oneza, "Na yule mgonjwa, anaen..." Akawaona watoto, akakata. Foleni nzima ikaanza kusifu mvua.

"Endelea tu, karani," Chelangat alisema. "Sisi tunajua."

Akawaeleza. Alisimama kando ya mzani, msichana wa darasa la kwanza mwenye matope mpaka magotini, akawaeleza wakulima wazima kuhusu figo, na chujio, na maji ambayo si majani, na kwamba Koech sasa ni mwembamba na wakimwona wasishtuke, wala wasimwambie amekonda, kwa sababu hiyo ndiyo kilo yake. Wazee walivua kofia bila kujua kwa nini. Karani alikuwa ameshika ndoano ya mzani, amesahau kuning'iniza gunia.

Joel alisikiliza mpaka mwisho. Kisha yeye, aliyeniambia kwamba mtoto haambiwi ugonjwa, akamuuliza binti yake mbele ya watu wote, "Na akirudi, mimi nitafanya nini?"

"Utakula kama yeye," Chelangat alisema. "Ajue si yeye peke yake."

Siku hiyo Kibet hakuomba kupimwa. Karani mwenyewe ndiye aliyemwita, akamtia kwenye gunia, akamsomea kilo zake, na Kibet akasema hizo zinatosha. Jioni nilipika mimi. Chelangat alisimama karibu na jiko, akapakua sahani moja kabla sijatia chumvi, akasema ni ya kufanyia mazoezi. Aliiweka mbele ya baba yake. Yeye na Kibet walikaa na sahani zao wakimtazama, na hawakuanza kula mpaka Joel alipomega tonge la kwanza. Aliimaliza yote.